Kuwajibika na Kujibu: Tangu Shinyanga Hadi Galapo

Ukimtajia Mzanzibari jina la Ziwani, aghalabu hafikirii maji. Hufikiria makao makuu ya polisi. Na aliye mtu mzima hufikiria usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, ghala la silaha la Ziwani lilipovunjwa na serikali yenye umri wa mwezi mmoja na siku chache ikaanguka. Lakini iko Ziwani nyingine, mbali na bahari na mbali na habari hizo. Iko Bagara, mjini Babati, mkoani Manyara, na huko jina ni la maji kweli: Ziwa Babati, karibu na mlima Kwaraa, ziwa la samaki na viboko, ambalo wavuvi wake huweka jicho moja kwenye wavu na jicho jingine kwa mnyama.

Kiboko ni neno lenye sura mbili. Ni mnyama wa ziwani, na ni fimbo iliyokatwa katika ngozi yake. Na kwa fimbo hiyo ndipo watu wengi wa bara walipoijua dola kwa mara ya kwanza. Enzi ya Wajerumani adhabu ya mapigo ishirini na matano ilitolewa mara nyingi hata ikapata jina lake lenyewe, hamsa ishirini, hesabu ya Kiarabu kinywani mwa watu ambao hawakuwa na haja ya hesabu nyingine ya Kiarabu. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliunda jeshi lao la polisi mwaka 1919. Viboko havikufutwa, viliingizwa katika vitabu vya sheria, vikawekewa idadi na masharti. Mwenye kupigwa alibaki na swali lake lile lile: akipigwa kupita hukumu, au akipigwa bila ya hukumu yoyote, amwendee nani?

Swali hilo lilirudi wilayani Babati mwezi Oktoba 2013, katika sura ambayo Wajerumani wasingeitambua.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Arusha inapita hapo, na katika soko lake Mgorowa, Mwiraqw, Mmbugwe, Mrangi, Mbarbaig na Mmasai hununuliana na kuuziana kwa Kiswahili. Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulikatwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikawa makao yake makuu. Upande wa kaskazini ziko hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, na tembo wa Tarangire hawajui mpaka. Wakitoka hifadhini hupita mashambani mwa watu. Basi mtu wa Babati hahitaji kusomewa gazetini habari za tembo. Amewaona, ameliwa mahindi yake, na pengine anamjua mtu aliyemjua jangili.

Wala hatari ya ujangili haikuwa hadithi. Hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania, waliokadiriwa kuwa 109,000 mwaka 2009, walikuwa wamebaki takriban 43,000 mwaka 2014.  Askari wa wanyamapori walikuwa wakipambana na watu wenye bunduki za kivita, na baadhi yao walipoteza maisha. Serikali ilipoanzisha Operesheni Tokomeza mwanzoni mwa Oktoba 2013, wengi walishangilia, na walikuwa na sababu.

Neno operesheni lastahili kusimamishwa hapa kidogo. Kiswahili kina hujuma, kina msako, kina kampeni, kina vita. Ila dola ya Tanzania tangu zamani imelipenda hili la kigeni. Ilikuwako Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, watu walipohamishwa kwa mamilioni. Mwaka huo huo wa 2013, wiki chache kabla ya Tokomeza, ilikuwako Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Hospitalini pia hufanywa operesheni, na labda ndiko neno lilikopata heshima yake: mgonjwa hulazwa, hupewa dawa ya usingizi, hukatwa kwa faida yake mwenyewe, na haulizwi neno katikati ya kazi.

Tokomeza ilikusanya watu zaidi ya elfu mbili: polisi, wanajeshi wa Jeshi la Wananchi, askari wa wanyamapori, walinzi wa hifadhi, mgambo. Mchanganyiko huo ulikuwa nguvu yake. Ulikuwa pia kivuli chake, kwa kuwa aliyegongewa mlango usiku hakuweza kujua aliyesimama nje ni wa wizara gani. Haukutimia mwezi kabla ya vilio kufika Dodoma. Wabunge wa vyama vyote walisimama mmoja baada ya mwingine, wakieleza habari za watu wa majimbo yao: waliopigwa, waliovuliwa nguo, waliochomewa nyumba, waliouliwa ng'ombe. Mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasitishwa, na Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya mwenyekiti wake James Lembeli, ikatumwa kuchunguza.

Taarifa ya kamati ilisomwa bungeni tarehe 20 Desemba 2013. Ilitaja raia 13 waliouawa na watu zaidi ya elfu moja waliokamatwa. Ilitaja mateso ya aina ambazo gazeti la adabu hulazimika kuzipunguza. Na miongoni mwa waliotajwa alikuwako mwanamke mmoja wa Galapo, wilaya ya Babati, aliyekufa baada ya kukamatwa na kuhojiwa na watu wa operesheni.

Jina lake lilichapishwa wakati ule, na halina haja ya kurudiwa hapa bila ya ruhusa ya watu wake. Itoshe kusema kwamba hakuwa kigogo wa meno ya tembo. Galapo ni kijiji cha wakulima, upande wa pili wa Kwaraa, ambacho mtu wake akitaka hospitali kubwa, au mahakama, au ofisi ya mkuu wa wilaya, huteremka Babati mjini. Kutoka Galapo hadi Bagara ni safari ya asubuhi moja. Lakini kutoka kifo kile hadi jibu lake safari imekuwa ndefu zaidi.

Jioni ya siku ile bungeni mambo yalikwenda kasi. Khamis Kagasheki, Waziri wa Maliasili na Utalii, alisimama akatangaza mwenyewe kwamba anaacha uwaziri. Rais Jakaya Kikwete alikuwa nje ya nchi; Waziri Mkuu Mizengo Pinda ndiye aliyelitangazia Bunge kwamba Rais ametengua uteuzi wa wengine watatu: Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, ambaye polisi walikuwa chini yake; Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi; na Mathayo David Mathayo wa Mifugo. Mawaziri wanne kwa siku moja. Magazeti ya asubuhi yalikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: wamewajibika.

Na hapo ndipo mpenda lugha anapotega sikio.

Kuwajibika limetoka katika wajibu, nao wajibu ni wajib ya Kiarabu, jambo lililokulazimu. Jibu limetoka katika jawab. Ni mizizi miwili tofauti, yenye herufi zile zile tatu zilizopangwa kwa namna mbili. Mwarabu hazichanganyi. Sikio la Mswahili, ambalo halijasoma sarufi ya Kiarabu, husikia jibu ndani ya wajibika, likaelewa kwamba mwenye kuwajibika ni mwenye kujibu: ameulizwa, naye amesema. Ni kosa la sarufi lenye hekima ndani yake. Lakini katika siasa ya Tanzania neno lilichukua njia nyingine kabisa. Kuwajibika likawa ni kuondoka kitini. Waziri akiulizwa kwa nini raia amekufa, huacha ofisi; na akishaacha ofisi, swali huonekana limekwisha. Kiti kitupu ndicho jibu.

Maana hiyo ina tarehe ya kuzaliwa na ina mahali, na mzazi wake anajulikana visiwani kuliko mahali pengine popote.

Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji. Wengi katika waliouawa walikuwa vikongwe, wanawake walioshukiwa uchawi, baadhi yao kwa kosa la kuwa na macho mekundu baada ya miaka arobaini ya kupikia kwa moshi. Dola haikuweza kunyamaza, na haikupaswa kunyamaza. Mwaka 1976 polisi na maafisa wa usalama walianzisha msako mkubwa. Mamia ya watu walikamatwa, wakawekwa mahali ambapo si mahakama wala jela, wakahojiwa. Katika kuhojiwa huko watu waliteswa, na baadhi yao walikufa.

Msomaji ataona kwamba hadithi ni ile ile ya Tokomeza, na kwamba inaanza mahali pale pale: panapo uovu wa kweli, unaoua kweli, na watu wanaotaka ukomeshwe. Mateso ya polisi ni nadra kuanza kwa nia ya kutesa. Huanza kwa haraka. Mkubwa anataka matokeo kabla ya mwisho wa mwezi. Mdogo hana ushahidi ila ana mtu. Na kati ya ushahidi usiopatikana na mtu aliyepatikana, mtu ndiye aliye karibu na mkono.

Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere, iliundwa tume, na mwezi Januari 1977 wanne waliacha nyadhifa zao. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, aliyehusika na usalama. Peter Kisumo, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Marco Mabawa, Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga. Mwinyi hakuwa amempiga mtu wala kuamuru mtu apigwe. Kwa mujibu wa wote walioandika kadhia hiyo, mambo yalitendeka pasi na yeye kuyajua. Alijiuzulu kwa sababu waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Alipelekwa ubalozini Misri, akakaa huko miaka kadhaa, na wengi walidhani siasa yake imekwisha.

Haikwisha. Januari 1984, Aboud Jumbe alipong'oka, Mwinyi ndiye aliyeshika urais wa Zanzibar, na Novemba 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Tangu hapo kujiuzulu kwake kukageuka kuwa kisa cha kufundishia. Kila waziri aliyeng'ang'ania kiti aliambiwa: mtazame Mzee Mwinyi. Kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 2021 zilikieleza kisa hicho. Na alipofariki 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani siku mbili baadaye, taazia zilikirudia tena na tena. Ni haki kurudiwa. Katika historia ya Afrika Mashariki hawakuwa wengi walioacha cheo kwa damu ambayo hawakuimwaga wao.

Ila kipo kitu kimoja ambacho kisa hicho, kwa uzuri wake, kimekifunika. Kujiuzulu kwa wale wanne hakukuwa mwisho wa kadhia ya Shinyanga na Mwanza. Baada yake yalifuata mashitaka. Maafisa wa polisi na wa usalama, watu wenye vyeo, walisimamishwa kizimbani kwa vifo vya watu waliokuwa mikononi mwao. Wapo waliotiwa hatiani na kufungwa. Na rufaa zao zilifika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipokuwa bado changa, maana ilianza kazi mwaka 1979. Hukumu hizo zimo katika vitabu vya sheria. Wanafunzi wa sheria huzisoma. Umma hauzikumbuki. Muulize mtu yeyote mwenye kusoma magazeti nani alijiuzulu kwa mauaji ya Shinyanga, atakujibu bila ya kufikiri. Muulize nani alifungwa.

Hivyo nchi ilirithi nusu ya mfano. Ilihifadhi wajibu ikapoteza jawab. Na hasara hiyo haikuwa ya kumbukumbu tu. Usukumani kwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliochoka na wezi wa ng'ombe na waliopoteza imani na polisi walianzisha sungusungu, wakajilinda kwa upinde na sheria yao wenyewe, na baada ya muda sungusungu nao wakawa na watu waliofia mikononi mwao.

Visiwani, jambo hili lina jeraha lake. Tarehe 26 Januari 2001 polisi walifyatua risasi Mwembetanga, mjini Unguja, na kesho yake, siku ya maandamano ya Chama cha Wananchi kupinga matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000, walifyatua Unguja na Pemba: Wete, Micheweni, Chake Chake. Watu wapatao elfu mbili walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Watanzania wakawa wakimbizi, jambo ambalo taifa lilizoea kuliona kwa wengine. Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2002, walihesabu waliokufa kuwa si chini ya 35. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, mtu aliyejenga jina lake katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, ilisema 31. Tofauti ya wanne si ndogo kwa nyumba nne.

Lililo la ajabu kuhusu Januari 2001 ni kwamba hata ile nusu ya mfano haikufuatwa. Polisi ni jambo la Muungano. Mkubwa wao ni waziri wa Muungano na Inspekta Jenerali aliyeko bara, na serikali ya Zanzibar inaweza daima kusema, kwa ukweli wa kikatiba, kwamba mkono ule si wake. Oktoba mwaka ule ukatiwa saini muafaka baina ya CCM na CUF, na ndani ya muafaka ikawekwa tume. Tume ikahesabu. Hakuna waziri aliyeondoka kitini kwa sababu ya Wete. Msomaji wa visiwani aliyekuwa bado na kumbukumbu ya 1977 alikuwa na haki ya kujiuliza iwapo mfano wa Mzee Mwinyi ulikuwa ni wa nchi nzima au ni wa Mzee Mwinyi.

Bara, katika miaka iliyofuata, mahakama zilipata kazi mara mbili katika mashauri yaliyojulikana nchi nzima, na yafaa kuyatazama kwa sababu yanaonyesha ngazi ilivyo. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi walikamatwa na polisi jijini Dar es Salaam, wakapelekwa msitu wa Pande, wakapigwa risasi. Polisi walisema walikuwa majambazi waliouawa katika mapambano. Tume ya Jaji Mussa Kipenka iliona vingine. Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, alishitakiwa pamoja na askari wengine, na Agosti 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia wote waliofika mwisho wa kesi, akisema waliofyatua risasi hawakuwa mbele yake. Upande wa mashitaka ukakata rufaa. Septemba 2016, miaka kumi na miezi tangu Pande, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kuachiwa kwa Zombe, na ikamtia hatiani mtu mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa.

La pili ni la Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliyeuawa kwa bomu la machozi kijijini Nyololo, wilaya ya Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, akiwa kazini. Ilikuwapo picha. Katika picha walionekana askari wengi wamemzunguka mtu mmoja. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja, mwenye cheo cha chini, miaka 15 kwa kuua bila ya kukusudia. Hukumu ilikuwa ya haki kwa aliyehukumiwa. Lakini bomu la machozi halijipeleki lenyewe kijijini. Lilipelekwa na amri ya kuzuia mkutano, na amri ina mtoaji.

Ukiziweka habari hizi pamoja unaona pengo liko wapi. Juu, kwa nadra, waziri huacha kiti kwa jambo ambalo hakulitenda. Chini, kwa nadra zaidi, askari hufungwa kwa jambo alilolitenda. Katikati yao yuko aliyepanga msako, aliyetia saini, aliyetazama, aliyeandika katika kitabu cha kituo kwamba mahabusu aliugua ghafla; na huyo, tangu zile kesi za Shinyanga na Mwanza, ni mara chache sana amesimama mahali akaulizwa.

Katika Tokomeza pengo lile lilionekana waziwazi. Mawaziri wanne walikwenda. Mwaka 2014 Rais akaunda tume ya majaji wastaafu chini ya Jaji Hamisi Msumi, nayo ikakabidhi taarifa yake mwaka 2015. Na serikali ilipoieleza taarifa hiyo, ikasema mawaziri wale hawakuwa na kosa lao binafsi. Basi wakasafishwa. Ni vyema, kwa kuwa mtu hapaswi kubeba doa ambalo si lake. Lakini doa lililofutwa kwa mmoja halikutafutiwa mwenyewe, na mtu wa Galapo aliyefuata mambo kwa makini alibaki na hesabu isiyotimia: wanne walioondoka hawakuwa na kosa, na wenye kosa hawakutajwa kuwa wameondoka.

Wako waliosema wakati ule, na kauli yao haifai kudharauliwa, kwamba huruma kwa raia iliwapa majangili nafasi. Lazaro Nyalandu, aliyekuwa naibu waziri, alieleza mwishoni mwa Desemba 2013 kwamba Oktoba yote waliuawa tembo wawili tu, na tangu operesheni isitishwe wameuawa sitini. Idadi ni nzito. Ila inathibitisha kwamba kuwapo kwa askari wengi porini huzuia bunduki za majangili. Haithibitishi kwamba mwanamke anapohojiwa kijijini hadi kufa tembo yeyote anapona. Hayo ni mambo mawili, na ujanja wote wa kutetea mateso, tangu enzi ya hamsa ishirini, ni kuyasema kwa pumzi moja.

Miaka ya karibuni tume zimeendelea kuzaliwa. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kutazama taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ilipotoa mapendekezo Julai mwaka huo ilitaka polisi ibadilike, iwe chombo cha huduma kuliko jeshi. Hata jina liliguswa. Wakenya walikwisha kulibadili baada ya katiba yao ya 2010, wakasema Huduma ya Polisi, na wakaunda chombo cha kiraia cha kuchunguza polisi, IPOA, mwaka 2011. Jina peke yake halikuwazuia polisi wa Kenya kuua, lakini chombo kimewafikisha baadhi yao kizimbani. Tanzania ilibaki na Jeshi la Polisi. Kisha ukaja uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, na risasi, na maiti, na intaneti iliyozimwa, na Novemba 2025 tume nyingine, chini ya jaji yule yule.

Tume si kitu kibaya. Tume ya Mbita iliandika idadi ambayo serikali isingeiandika kwa hiari yake. Kamati ya Lembeli ililifikisha jina la Galapo bungeni, na bila ya kamati ile lingeishia kwenye kikao cha mazishi. Lakini tume huuliza kwa ajili ya aliyeiunda, na taarifa yake hurudi kwa aliyeiunda, ambaye ndiye huamua ni kurasa ngapi umma utazisoma. Mfiwa ndani yake ni shahidi, si mdai. Hutoa machozi yake yakaingizwa katika kiambatisho.

Na iko njia nyingine, ya zamani zaidi na ya kimya zaidi, ambayo haihitaji Rais kuunda kitu. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ilitungwa mwaka 1980, katika msimu ule ule ambao maafisa wa Shinyanga na Mwanza walikuwa mahakamani. Yataka mtu akifa akiwa mikononi mwa polisi au gerezani, kifo chake kichunguzwe hadharani na mwenye mamlaka hayo, ambaye kwa kawaida ni hakimu. Hakimu huyo hatafuti wa kumfunga. Sheria imempa maswali machache tu: ni nani aliyekufa, alikufa lini, wapi, na kwa namna gani. Mahakama za kuyauliza ziko Babati mjini, mwendo wa asubuhi moja kutoka Galapo, na mlango wake ni ule ule anaopitia mwenye shauri la shamba au la ng'ombe.